Kutapika Damu (2): Mishipa Iliyovimba Kwenye Umio

Damu inayotoka kwenye utumbo na bandama hairudi moyoni moja kwa moja. Hupita kwanza kwenye ini. Ini likijaa makovu, njia hubana, presha hupanda, na damu hutafuta vichochoro. Kimoja ni vijishipa vya sehemu ya chini ya umio, visivyoumbwa kwa mzigo huo. Hutanuka na kujipinda chini ya utando laini, na presha ikipita milimita 12 za zebaki vyaweza kupasuka.

Kwingine makovu hayo huletwa zaidi na pombe au homa ya ini. Kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo kina sehemu kubwa. Vijiminyoo vichanga hutoka kwenye konokono, hupenya ngozi ya mvuvi au ya mtoto aliyetumwa maji, na huishia kukaa kwenye mishipa ya utumbo. Mayai yasiyotoka na choo husombwa na damu hadi kwenye ini. Makovu ya kichocho, yaliyoelezwa na daktari Symmers huko Misri mwaka 1904, huizingira mishipa lakini seli za ini kwa kawaida husalimika. Kwa hiyo macho ya mgonjwa huwa hayana manjano, ingawa bandama yaweza kushuka hadi karibu na kitovu. Majirani humhesabia chupa za pombe ambazo hakunywa.

Mishipa hiyo haiumi. Siku ikipasuka, mtu hutapika damu mbichi au mabonge, na choo huwa cheusi, cha kunata kama lami. Vidonda vya tumbo navyo hutoa damu namna hiyo, hivyo kinachokata shauri ni endoskopia, yaani kutazama ndani kwa mpira wenye kamera.

Hospitalini mgonjwa huongezewa damu mpaka hemoglobini ifike gramu 7 au 8 kwa desilita, basi. Ikizidi, presha hupanda na bonge lililoziba tundu huweza kung'oka. Hupewa pia dawa ya kubana mishipa, kama oktreotaidi, na antibiotiki. Kisha daktari hupitisha mpira huo wenye kamera, huuvuta mshipa ndani ya kikombe kidogo kwenye ncha yake, na kuufyatulia pete ya raba. Mshipa ulionyongwa hukauka na kudondoka baada ya siku chache. Kazi hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mishipa iishe.

Baadaye propranololi hushusha presha ya ndani ya mishipa hiyo. Aspirini na diklofenaki huachwa. Prazikwanteli huua minyoo, lakini makovu ya zamani mara nyingi hubaki, kwa hiyo aliyekwisha kuimeza bado huhitaji kupimwa umio.