Majani Mekundu ya Mwezi wa Oktoba

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo wako watu wengi wa Pito na Sumbawanga wanaoteremka Muze kila mwaka, nao hawatazami ila njia iliyo miguuni pao. Ukipita huko mwezi wa Septemba au Oktoba, simama kidogo ukingoni mwa milima ya Mbizi, utue mzigo, uangalie chini.

Bonde la Rukwa limetandazwa mbele yako kama mkeka, zaidi ya mita 1,000 chini yako. Ziwa lake halina mto utokao. Maji yaingiayo hukaushwa na jua, ndiyo sababu yana magadi. Na huko kwenye mteremko, miombo imevaa majani mekundu, mengine ya rangi ya shaba, na mvua haijanyesha bado.

Huko Ulaya, Japani na Marekani, miezi hiyo hiyo watu hufunga safari wapande vilima kutazama miti yenye rangi kama hizo. Lakini usidhani ni jambo moja. Kwao baridi inakaribia. Mti huondoa kijani chake, rangi hubadilika, kisha majani huanguka. Jani lao jekundu linakufa. Jani letu jekundu limezaliwa juzi! Wekundu ule hulikinga na jua kali lingali changa, na baada ya majuma machache huwa kijani. Je, mti hupata wapi maji wakati wa kiangazi? Mizizi yake huenda chini sana, na shina lake limeweka akiba.

Basi ujue kwamba moto wa miezi hiyo ndio mbaya kupita wote. Majani ya chini ni makavu kabisa, na upepo unavuma. Mtu awashaye moto ili akamate panya, au arine asali, au ng'ombe wake wapate majani mabichi, anaunguza machipukizi hayo. Mti mkubwa hulazimika kuanza tena kwa akiba iliyopungua. Miche midogo hufa. Kisha mvua za Novemba huukuta mteremko mtupu, zikachukua udongo.

Wazee wa Ufipa walijua njia nyingine. Katika kilimo chao cha matuta ya mviringo, yaitwayo intumba, hawakuyachoma majani, bali waliyafunika kwa udongo mvua zikikaribia kwisha. Yalioza yakawa mbolea, na juu yake maharage yakapandwa. Msimu uliofuata matuta yalifumuliwa, ukapandwa ulezi. Moto ulikuwa na faida gani kupita hiyo?

Jumapili moja, baada ya kanisa, wapeleke watoto wako wakatazame. Waulize: jani hili linakufa au linazaliwa? Kisha waonyeshe mahali palipoungua, wapalinganishe na pale pasipoungua. Hapo hutakuwa na haja ya kuwahubiria sana juu ya kiberiti.