Ganda la Risasi Linapokwama

Katika Wilaya ya Serengeti, kuanzia upande wa Morotonga na Mugumu hadi vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, mahindi yakikaribia kukomaa wakulima huyalinda usiku. Kundi la tembo laweza kumaliza chakula cha mwaka mzima kabla ya jua kuchomoza. Madebe na mienge yakishindwa, huitwa askari wa wanyamapori, naye hufyatua risasi hewani ili kuwatisha. Msomaji na afikirie kwamba mlio wa kwanza umesikika, tembo mmoja amegeuka badala ya kukimbia, na askari avutapo kifyatulio mara ya pili hakuna kinachotokea. Ganda tupu la risasi ya kwanza limebaki mahali ambapo risasi ya pili ilipaswa kuingia.

Hitilafu hiyo ni ya zamani kama bunduki zenyewe zijazazo risasi bila kusaidiwa na mkono. Chanzo chake hakifahamiki mpaka ieleweke kazi ambayo bunduki hufanya katika muda mfupi baada ya mlio. Mfano mzuri ni bunduki iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov mwaka 1945, ambayo China ilianza kuiunda kwa wingi mwaka 1956. Ni ya jamii ambayo askari na polisi wa Tanzania huiita SAR: kila kifyatulio kinapovutwa hutoka risasi moja tu, lakini ganda hutupwa nje na risasi nyingine huingia chemba kwa nguvu ya bunduki yenyewe.

Nguvu hiyo hutoka wapi? Baruti iwakapo, gesi hujaa katika chemba kwa kanieneo inayozidi ile ya hewa ya kawaida mara 3000 na zaidi. Risasi yenye uzito wa gramu 8 hivi husukumwa katika mtutu wa urefu wa takriban milimita 520 na kutoka kwa kasi ya mita 735 hivi kwa sekunde. Safari hiyo yote huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kabla risasi haijatoka, hupita tundu dogo lililotobolewa juu ya mtutu. Sehemu ndogo ya gesi hupenya tundu hilo, huingia katika bomba na kuisukuma pistoni nyuma. Pistoni hukipiga kibebea bolti, nacho husogea milimita chache peke yake kabla ya kuinua mkia wa bolti na kuifungua. Kuchelewa huko ni kwa makusudi. Kama bolti ingefunguka gesi ingali na kanieneo kubwa, ganda lingepasuka usoni mwa mfyatuaji.

Wakati huo ganda nalo lina mambo yake. Kanieneo ya gesi hulipanua hata likabana kuta za chemba, na hivyo kuzuia gesi isirudi nyuma. Kanieneo ishukapo, unyumbufu wa metali hulirudisha ganda ndani kidogo, likalegea. Ganda la aloi ya shaba na zinki hurudi vizuri. La chuma hurudi kidogo zaidi. Ndiyo maana ganda la risasi hii, ambalo mara nyingi ni la chuma, limechongoka kuelekea mbele: likisogea nyuma hata kidogo tu, huachana na ukuta pande zote kwa pamoja. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo kwa vikombe viwili vya plastiki vilivyopachikana.

Baada ya hapo ni kazi ya vipande viwili vidogo ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni ndoano iliyo kwenye bolti, ambayo hushika ukingo wa ganda na kulivuta litoke chemba. Cha pili ni kigingi kilichokazwa kwenye mwili wa bunduki. Bolti irudipo nyuma na ganda lake, upande mmoja wa kitako cha ganda hugonga kigingi huku upande wa pili ukiwa umeshikwa na ndoano. Ganda hugeuka kama mlango kwenye bawaba na kuruka nje.

Kwa hiyo fundi wa silaha, akiisha kuondoa risasi zote na kuhakikisha mtutu umeelekezwa mahali salama, hutazama kwanza ganda lilipokwamia. Likiwa limebaki ndani ya chemba, kigingi hakina hatia: ama chemba ina kutu au uchafu unaolishikilia ganda, ama ndoano imelika, imevunjika, au springi yake imechoka. Ukingo wa ganda uliochanika huonyesha kwamba ndoano ilivuta kwa nguvu, ila ganda likakataa. Likiwa limetoka chemba lakini limebanwa mlangoni na bolti inayorejea, pengine limesimama wima kama dohani, basi mara nyingi bolti haikufika nyuma ya kutosha kuligonga kigingi kwa nguvu. Hapo hushukiwa gesi: tundu lililozibwa na masizi, au pistoni inayosuasua ndani ya bomba lake. Ni makosa kukimbilia kubadili springi kabla ya kuifungua sehemu hiyo ya gesi.

Yapasa kueleza kwa urefu kwa nini pistoni husuasua, maana hapa ndipo kemia inapoingia. Risasi nyingi za zamani za aina hii zilitengenezwa kwa fataki yenye klorati ya potasiamu. Fataki ilipukapo, klorati hutoa oksijeni na kuacha kloridi ya potasiamu:

2KClO₃ → 2KCl + 3O₂

Kloridi hiyo ni chumvi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Hutapakaa katika mtutu, bomba la gesi na juu ya pistoni, ikiwa nyembamba mno kuonekana kwa macho. Wakati wa kiangazi huweza kukaa bila kuleta madhara makubwa. Mvua za masika zianzapo, hewa ya usiku ikajaa unyevu, chumvi huvuta maji na kuwa umajimaji unaopitisha umeme, na chuma huanza kuliwa. Kwa siku chache tu pistoni iliyokuwa ikiteleza huwa na vidonda vya kutu.

Wengi hukosea hapa kwa kuipaka bunduki mafuta mara tu baada ya kuitumia. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Hufunikwa tu, ikaendelea na kazi yake chini yake. Huyeyuka katika maji: gramu 100 za maji ya nyuzi 20 za Selsiasi huyeyusha gramu 34 hivi za kloridi ya potasiamu. Ndiyo sababu askari wa zamani walimimina maji ya moto mtutuni, jambo lililowashangaza vijana walioambiwa kwamba maji ni adui wa chuma. Maji huondoa chumvi, joto lake husaidia kukausha, na mafuta hufuata mwisho, tena kidogo. Mafuta mengi katika vumbi la Serengeti la miezi ya Juni hadi Oktoba hugeuka kuwa tope la kusaga, na bolti hupungukiwa na mwendo vilevile.

Shule isiyohitaji kuona bunduki hata moja yaweza kulithibitisha jambo hili kwa misumari mitatu iliyosuguliwa kwa msasa. Wa kwanza upakwe mafuta tu. Wa pili uchovywe katika maji ya chumvi, uachwe ukauke, kisha upakwe mafuta. Wa tatu uchovywe vivyo hivyo, usuuzwe kwa maji ya moto, ukaushwe, ndipo upakwe mafuta. Yote iwekwe juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo lililofunikwa, na wanafunzi wayaandike wanayoyaona kila asubuhi kwa muda wa juma moja.