Kochi na Lingoje

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi walizungumzia kazi ya nyumbani kana kwamba ni jambo geni. Kwetu sisi walimu wa Kitale na Bungoma halikuwa geni kamwe. Miaka nenda miaka rudi tumebeba madaftari jioni na kuyasahihisha sebuleni, migongo imepinda juu ya meza fupi iliyoundwa kwa ajili ya vikombe vya chai.

Nastaajabu kwamba nyumba zetu hupata makochi ya wageni kabla ya meza ya kazi. Seremala yeyote wa miji hii miwili aweza kuunda meza ya kimo cha sentimita 75 hivi. Iwekwe kando ya dirisha, nuru itoke kushoto kwa aandikaye kwa mkono wa kulia, kivuli kisifunike maandishi. Kiti kiwe na egemeo, nyayo zikanyage sakafu.

Huu si ufahari. Mgongo ukiuma, kalamu hufanya haraka, na anayedhulumiwa ni mwanafunzi. Mgeni huja mara mojamoja. Madaftari huja kila jioni. Kochi na lingoje.