Brainfreeze: CD ya santuri ndogo inayoendelea kuwagawa wasikilizaji

Imepita zaidi ya robo karne tangu ma-DJ wawili wa California, DJ Shadow na Cut Chemist, watoe CD yao iitwayo Brainfreeze mwaka 1999. Hata hivyo, ukitaka ubishi baina ya wapenzi wa brekibiti, itaje hiyo mbele yao kisha kaa pembeni. Mmoja atakuambia haijatokea CD ya kuchanganya muziki iliyoifikia. Mwenzake atamjibu kwamba huo ni wizi uliopambwa. Na wote wawili, ukiwachunguza, utakuta wanaijua kwa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa wasomaji ambao jina hili ni geni, tuanzie Bronx, New York. Tarehe 11 Agosti 1973, kijana mzaliwa wa Jamaica, Clive Campbell, maarufu kwa jina la DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake katika jengo namba 1520, barabara ya Sedgwick. Herc alikuwa amegundua jambo moja: wachezaji walikuwa wakisubiri pale ambapo mwimbaji na vyombo vingine vinanyamaza, ikabaki ngoma peke yake.

Sisi tuliokulia kwenye dansi jambo hili hatuhitaji kufundishwa. Ni kama watu wanaobaki vitini mwimbaji anapobembeleza, macho yako jukwaani, wakingoja sebene liingie, au chemko, kama walivyozoea kuita wazee wa Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba kwenye santuri za funk za Marekani, kipande hicho cha ngoma kilidumu sekunde chache tu. Herc alichukua santuri mbili za wimbo uleule, moja inapofika mwisho wa kipande anaingiza ya pili, huku ile ya kwanza akiirudisha nyuma kwa mkono. Sekunde kumi zikawa dakika tano. Hiyo ndiyo brekibiti, na hip hop yote ilizaliwa humo.

Shadow na Cut Chemist walichofanya ni kurudi kwenye kazi hiyo ya mkono, tena kwa njia ngumu zaidi. Walitumia santuri ndogo peke yake, zile za inchi saba zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Wengi wetu tunazikumbuka sebuleni kwa wazazi: wimbo mmoja upande huu, mmoja upande ule. DJ wa kawaida hapendi santuri hizo. Ni ndogo, mkono unakosa pa kushika, wimbo wenyewe dakika tatu umekwisha, na ukizubaa kidogo sindano iko katikati. Wao walizipanga kwa takriban dakika 50, katika vipande viwili, bila kompyuta. Yalikuwa ni maandalizi ya onyesho lao la San Francisco mwaka huohuo.

Hata jina lake lina mzaha ndani yake. Brainfreeze ni yale maumivu ya kichwa yanayokupata ukinywa kitu cha barafu kwa pupa. Miongoni mwa santuri zilizomo kuna moja ya miaka ya 1960 iliyotengenezwa na maduka ya 7-Eleven kutangaza kinywaji chao cha barafu, Slurpee. Tangazo la biashara, jambo ambalo mtu angelisikia mara moja na kulitupa, limegeuzwa kuwa muziki wa kuchezwa. Hapo ndipo mashabiki wa CD hii wanapoanzia sifa zao. Wanasema ma-DJ hawa wana masikio yanayosikia dhahabu kwenye takataka.

Nami nakiri kwamba niliipenda mara ya kwanza. Nilikuwa nimepanga chumba mashariki ya London, na tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja, kijana wa Tanga, alirudi jioni moja na CD iliyorudufiwa, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito. Hatukujua ilitoka wapi. Tulichojua ni kwamba kila ilipopigwa, watu waliokuja kuazima chumvi hawakuondoka. Lilikuwa ni jambo la ajabu kuona mama mmoja wa Kimombasa, ambaye hip hop aliiita kelele za wahuni, akitikisa bega kwa Rufus Thomas bila kujua anaitwa nani.

Na kweli hakujua. Hatukujua sisi pia. Hapa ndipo upande wa pili wa ubishi unapopata nguvu zake.

Wanaoilaumu Brainfreeze hawasemi kwamba ni mbaya kusikiliza. Lawama yao ni kwamba umaarufu wote umewaangukia waliozungusha santuri, wakati waliopiga ngoma hizo hawajulikani. Wasikilizaji wengi waliijua CD kwa miaka kabla ya kujua hata nyimbo tatu zilizomo. Ma-DJ tangu zamani ni watu wa siri. Afrika Bambaataa, mmoja wa waasisi wa hip hop, alijulikana kwa kuloweka santuri zake ili karatasi yenye jina la wimbo ibanduke, washindani wasichungulie. Kwa DJ hiyo ni akili. Kwa mpiga ngoma ambaye jina lake limebaki kwenye beseni, ni jambo jingine.

Wakosoaji hupenda kutaja mifano miwili, ingawa si ya CD hii, na ni vigumu kuisikia bila kuinamisha kichwa. Wa kwanza ni Gregory Coleman wa kundi la The Winstons. Mwaka 1969 alipiga kipande cha takriban sekunde sita katika wimbo "Amen, Brother", uliowekwa upande wa nyuma wa santuri yao. Sekunde hizo zimekatwa na kutumiwa katika maelfu ya nyimbo, na muziki wa jungle wa hapa Uingereza umesimama juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi. Kiongozi wa kundi hilo, Richard Spencer, hakupata chochote kwa miaka mingi, hadi mwaka 2015 wapenzi wa muziki walipochangishana kupitia intaneti na kumkabidhi pauni 24,000.

Mfano wa pili ni Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown. Kipande chake cha "Funky Drummer", wimbo uliotoka mwaka 1970, kimo katika nyimbo za rap zisizohesabika. Stubblefield alilipwa ujira wa kazi ya studio, basi. Mrabaha wa vipande vilivyokatwa haukumfikia mpaka alipofariki mwaka 2017.

Watetezi wa Brainfreeze wana jibu. Wanasema bila ma-DJ wa aina hii santuri hizo zingeozea kwenye magodauni, na kwamba wasikilizaji waliozisikia kwenye CD ndio waliokwenda kuzitafuta, na makampuni yakaona kuna soko la kuzitoa upya, safari hii kwa mikataba. Ushahidi wao mzuri ni wa bendi ya shule ya sekondari ya Kashmere, Houston, iliyofundishwa na mwalimu Conrad Johnson miaka ya 1960 na 1970. DJ Shadow aliwahi kukitumia kipande cha bendi hiyo katika wimbo mwingine wa mwaka 1999. Mwaka 2006 kazi zao zilitolewa upya rasmi, na mapema Februari 2008 wanafunzi wale, sasa watu wazima wenye wajukuu, wakakutana tena kumpigia mwalimu wao. Johnson alikuwa na umri wa miaka 92. Aliwasikia, na siku mbili baadaye akafariki.

Mimi hoja hii naikubali nusu. Kwa kila Johnson mmoja aliyeishi miaka 92 akangojea haki yake, wako wangapi waliokwisha kuzikwa?

Kuna kichekesho pia ambacho mashabiki hawapendi kukumbushwa. Brainfreeze ilitoka kwa nakala chache na kwisha upesi, kisha wafanyabiashara wa nakala feki wakaingia kazini. Wapo waliokasirika kuuziwa feki. Lakini wakosoaji wanauliza: CD iliyojengwa kwa nyimbo za watu bila kupitia mlangoni, ikiibiwa nayo, mwenye kulia ni nani? Sikupata kumsikia shabiki aliyelijibu swali hilo bila kubadilisha mazungumzo. Mimi mwenyewe, niliyeisikiliza ile ya kalamu ya wino mzito kwa miaka, nanyamaza.

Lawama nyingine ni ya bei. Santuri zilizokuwa zikiuzwa kwa senti katika minada ya vitu vikuukuu zilipanda bei mara tu ilipojulikana kwamba zimo. Hili nyumbani tumeliona kwa njia yetu. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa jiji kubwa la santuri ndogo, bendi za Kenya, za Tanzania na za Kongo zikirekodi huko. Baadaye walikuja wakusanyaji kutoka Ulaya, na mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya hapa Uingereza ikatoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, uliotokana kwa sehemu kubwa na santuri za namna hiyo. Leo ukiwa na santuri safi ya enzi zile, chini ya kitanda cha marehemu mjomba, usiigawe kabla hujauliza bei.

Kuhusu muziki wenyewe ubishi ni mdogo. Kipande cha kwanza kinakwenda kama maji ya mteremko. Cha pili kwangu kina mahali panapolegea, ingawa najua watu watakaoniandikia kunitukana kwa kusema hivyo. Product Placement, CD yao iliyofuata mwaka 2001, ni safi zaidi kwa ufundi, na huenda ndiyo sababu watu hawaipendi kama hii. Walipokuja na The Hard Sell kwa ajili ya jukwaa la Hollywood Bowl mwaka 2007, walikuwa wameshafikisha mashine nane za kuchezea santuri. Nane! Wengi walistaajabu, lakini waliocheza walikuwa wachache. Huo ni mtazamo wangu.

Cut Chemist peke yake alikwenda njia nyingine. Sound of the Police ya mwaka 2010 imejaa muziki wenye asili ya Afrika, na chanzo chake ni onyesho alilopiga Los Angeles mwaka 2009 kabla ya Mulatu Astatke wa Ethiopia kupanda jukwaani. Alitumia mashine moja tu ya santuri. Sifa yake ni ndogo kuliko inavyostahili.

Yule kijana wa Tanga sasa ni baba wa watoto watatu, na miaka kadhaa iliyopita alijinunulia santuri ya Rufus Thomas, "Itch and Scratch", ile yenyewe. Alituita tuisikilize. Aliipangusa, akaiweka, akaketi. Binti yake, aliyekulia kwenye ile CD, alisikiliza kidogo kisha akauliza kama imeharibika, kwa sababu ilifika pale inapotakiwa kugeuka wimbo mwingine na yeye akaona mwimbaji bado anaendelea kuimba.