Foni ya site ituletee pia habari: namna ya kusikia AM ku chombo ya BLU

Kwa mutu wa mashimo, habari ni chombo ya kazi sawa vile nyundo na tochi. Mu Septemba 2010, Raïs Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini mu Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri ile iliondolewa mu Machi 2011. Mu Julai 2024, gavana wa jimbo letu naye alisimamisha kazi ya madini. Mufanyakazi akisikia amri ya namna ile siku ileile, anapanga vitu vyake, anadai deni zake, anashuka na familia. Asiposikia, anaendelea kuchimba mupaka siku atakutwa mu shimo na watu wa bunduki.

Bukavu hapa hatuna shida sana. Radio Maendeleo iko tangu 1993, Radio Okapi tangu 2002, na simu inashika. Lakini radio hizi tunazipata ku FM, na FM inatembea njia ya moja kwa moja kama mwangaza wa tochi. Mulima ukikaa katikati, imekwisha. Ndugu zetu wa Shabunda, wa ndani ya Mwenga na wa Fizi wanajua vizuri. Kule kinachobaki ni mawimbi mafupi, yale yanayopanda juu angani, yanagonga na kurudi chini mbali sana. Na vile vitransista vidogo vya soko, vingi havina mawimbi hayo, ao vinayashika vibaya.

Lakini ku site nyingi kuko chombo kingine: foni. Iko kwa négociant, ku misioni, ku kituo cha afya, ku koperative. Ni Kenwood, Icom, Yaesu ao Codan, na batri ya gari, panneau solaire na waya mrefu juu ya miti. Tunaijua kwa kuita Bukavu na kuuliza bei. Wengi hawajui kama foni ileile inaweza kusikia radio za dunia.

Shida ni hii. Foni inasema kwa BLU, na radio za habari zinasema kwa AM. Mutu anapeleka foni ku masafa ya radio, anakuta muluzi mukali na sauti ya bata, anasema chombo kimekufa. Hakijakufa. Haijapangwa tu.

Tuelewe tofauti. Kituo cha AM kinatuma vitu vitatu: wimbi moja la kubeba, pale katikati, na sauti mara mbili, nakala moja juu yake na nakala moja chini yake. Lile wimbi la kubeba halina neno hata moja ndani, lakini linakula sehemu kubwa ya nguvu: hata mutangazaji akijaza sauti yote, theluthi mbili ya nguvu iko kwake. BLU inakata hasara hiyo. Inatupa wimbi la kubeba, inatupa nakala moja ya sauti, inatuma paka nakala moja. Njo maana foni ya wati 100 inafika mbali na batri ya gari. Kwa kurudisha sauti, foni inayopokea inajitengenezea wimbi la kubeba lake yenyewe, ndani.

Sasa foni ya BLU ikikutana na AM, mawimbi ya kubeba yanakuwa mawili: la kituo na la foni. Yasipolingana, tofauti yao njo ule muluzi. Kama foni iko mbali kwa hertz 1.000, utasikia muluzi wa hertz 1.000. Dawa ni kuyalinganisha.

Fanya hivi. Weka foni ku USB. Tafuta kituo, utasikia muluzi. Zungusha kitufe polepole sana upande ambako muluzi unashuka: unakuwa mnene, unanguruma, kisha unapotea. Simama pale pale. Ukipita, utausikia unapanda tena. Kama foni inaruka hatua kubwa, malizia na kitufe kidogo cha kurekebisha, kile kimeandikwa RIT ao Clarifier. Sauti ya mutangazaji itakuwa ya mutu.

Kama kituo cha jirani kinapiga kelele juu, usiondoe masafa. Badilisha tu USB uweke LSB. Juu sauti iko nakala mbili, ukiacha ile inayosumbuliwa, unachukua ile safi. Kuko faida nyingine ya magaribi. Wimbi la kubeba likizimia angani, radio ya kawaida inavunja maneno. Foni haitegemei lile wimbi, iko na lake, na maneno yanabaki kusikika. Lakini usitafute rumba pale: foni inakata sauti nyembamba, muziki unatoka vibaya. Ni chombo ya maneno.

Foni zingine ziko na kitufe cha AM. Kama iko, anza na kile. Zile zimefungwa ku canal za shirika hazitembei ku masafa ya radio, na hakuna haja ya kuzilazimisha.

Mangaribi na usiku, tafuta kati ya 5.900 na 7.450 kHz. Muchana, panda ku 9.400 mupaka 12.100, hata 15.000 na zaidi. Radio zinabadilisha saa na masafa mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba. Kituo kikipotea mu miezi ile, tafuta pembeni.

Batri isiwe sababu ya kukatala. Foni ikisema inaweza kula ampere 20, lakini ikisikiliza tu inakula moja ao mbili. Lisaa limoja la habari halimalizi batri ya gari.

Sheria tatu. Usibonyeze mikro ku masafa ya radio. Mvua ikianza kunguruma, chomoa waya wa antene, juu radi ya Kivu haina huruma. Na foni inaombewa ruhusa kwa ARPTC. Mwenye foni aweke karatasi zake sawa.

Tufike ku mambo ya makuta. Onsi moja ya zahabu ni gramu 31,1. Siku radio inasema onsi iko dolari 2.000, gawa: gramu moja ya zahabu safi inakaribia dolari 64. Zahabu yetu haiko safi yote, na négociant ana gharama ya njia na faida yake, ni haki yake. Lakini mutu anayejua 64 habishani sawa na mutu asiyejua kitu. Sasa ku site nyingi, mwenye foni njo anayejua bei, na mwenye foni njo anayenunua. Hapo mizani imeshainama mbele hatujaweka zahabu.

Tangu sheria ya Machi 2018, muchimbaji anapashwa kuwa ndani ya koperative. Basi koperative itumike. Ba PDG wa mashimo na ba président wa koperative, tunaomba kitu kimoja: kila mangaribi, lisaa limoja, foni ya site isikilizwe na wote, mikro imefungwa, sauti imefunguliwa. Muandike mu règlement, muchague kijana mumoja wa kuzungusha kitufe na mama mumoja wa kuandika bei ku ubao. Haiombi makuta mapya. Chombo kiko, waya uko juu ya miti.