Nini Huifanya Bendi Isikilizwe?

Wengi wetu hapa Uganda tulikijua Kiswahili kwa kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa amri: Kiswahili cha jeshi na cha vizuizi vya barabarani, lugha ambayo wazazi wengi waliihusisha na vitisho. Mlango wa pili ulikuwa muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya, uliotufikia kwa redio na kanda. Mwanafunzi aliyeujua mlango wa kwanza tu huja darasani na hofu. Katika makala hii fupi nakusudia kueleza kwa nini baadhi ya bendi hutushika hata tukazisikiliza miaka nenda miaka rudi, na jambo hilo linamhusu vipi mwalimu wa lugha.

Kwa maoni yangu, sauti nzuri peke yake haitoshi. Waimbaji wenye sauti nzuri ni wengi. Bendi humshika msikilizaji pale wanamuziki wake wanapozungumza wao kwa wao, kisha wakamwachia nafasi naye aingie katika mazungumzo hayo.

Kwanza, tuanze na magitaa. Les Wanyika ilianzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Katika wimbo wao maarufu, "Sina Makosa", gitaa la ridhimu la Omar Shabani halijifichi nyuma ya solo, na besi ya Tom Malanga ina njia yake yenyewe. Kila moja husema neno lake, kisha hupisha. Hakuna anayemkata mwenzake kauli. Msomaji ajaribu kuusikiliza wimbo huo mara moja akifuata besi tu, na mara ya pili akifuata ridhimu tu. Ataona kwamba alikuwa hajausikia.

Pili, maneno. Wimbo huo unaanza wakati ugomvi umekwisha kupamba moto. Mwanamume anamjibu mwanamume mwenzake aliyekasirika kwa sababu ya mwanamke. Huyo mwenye hasira hatumsikii hata mara moja. Tunalazimika kumbunia maneno yake kutokana na majibu anayopewa. Darasani "wewe" ni nafsi ya pili umoja, imekaa kwenye jedwali. Katika wimbo huu "wewe" ni mtu, na amekunja uso.

Tatu, mpangilio. Nyimbo nyingi za Mlimani Park Orchestra ya Dar es Salaam, bendi iliyoanza mwaka 1978 na kujulikana kwa mtindo wa Sikinde, zina sehemu mbili. Ya kwanza huenda taratibu na kueleza kisa. Ya pili ni chemko: waimbaji hurudiarudia kauli fupi, magitaa na tarumbeta yakipamba moto. Anayetaka kucheza hupitishwa kwanza kwenye maneno. Kwa hiyo chemko linapofika, mguu unacheza kisa ambacho sikio limekwisha kukielewa.

Nne, wenye lugha. Samba Mapangala, mzaliwa wa Kongo, alipiga muziki Kampala kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977, ambako baadaye aliongoza Orchestra Virunga. Aliimba kwa Kilingala na kwa Kiswahili. Mwanafunzi wetu anayedhani kwamba Kiswahili ni mali ya watu wa pwani peke yao na amsikilize Mapangala.

Je, mwalimu afanye nini? Desturi yetu ni kuchukua wimbo, kufuta maneno kadhaa, na kuwataka wanafunzi wajaze mapengo. Zoezi hilo lina faida, lakini huugeuza wimbo kuwa orodha ya msamiati. Mimi hupendelea wanafunzi wasikilize mara tatu bila karatasi. Baada ya hapo kila mmoja huandika jibu la yule mwanamume asiyesikika katika "Sina Makosa", na majibu husomwa kwa sauti. Ubishi huzuka bila kuchochewa: je, mwimbaji kweli hana makosa, au anajitetea tu? Hata wale ambao kwa kawaida hawafungui kinywa hutaka kusema, na ili waseme huhitaji kikanushi, masharti na kauli ya kutendwa. Hapo ndipo sarufi huletwa, kwa kuwa imehitajika.

Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, wenzangu walimu, tukumbuke kwamba "lazima" ni neno la mlango ule wa kwanza. Amri inaweza kumketisha mtoto darasani, lakini haiwezi kumfanya asikilize. Kazi hiyo imebaki kwetu, na bendi hizi zinaweza kutusaidia.