Tunachomfungia Mtoto Sandukuni

Ifikapo Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vyetu vinapopokea wanafunzi wapya, nyumba nyingi hapa mjini hushughulika kufunga masanduku. Mama huweka shuka, ndoo na chandarua. Baba huongeza pasi. Kisha, kwa mapenzi yale yale, mmoja wao huchomeka pembeni hita ya kuchemshia maji na jiko dogo la umeme, ili mtoto asihangaike na foleni ya mkahawa. Ni vifaa hivi viwili vya mwisho ambavyo twawaomba wazazi wavitoe.

Vyuo vingi hukataza kupika vyumbani, na wanafunzi wengi huidhania amri hiyo kuwa ni ukorofi tu wa wasimamizi wa mabweni. Sivyo. Hesabu yake ni nyepesi. Plagi yetu ya miguu mitatu imeundwa kuhimili ampea 13, yaani takriban wati 3,000 kwa umeme wa volti 230. Jiko dogo la koili huweza kula wati 1,000, hita 1,500 na pasi 1,000. Vikiwashwa pamoja katika ekstensheni moja asubuhi, kila mtu akiwahi kipindi cha kwanza, mzigo umekwisha kupita kipimo, na waya huanza kupata moto ndani ya ganda lake pasipo mtu kuona. Mara nyingi waya wenyewe ni ule mwembamba wa bei nafuu, ambao hauhimili hata nusu ya mzigo huo. Fyuzi ikikatika, na kazi yake ndiyo hiyo ya kukatika, hakosekani kijana mjuzi wa kuweka kipande cha waya mahali pake.

Hita nayo ina ubaya wake. Anayetia kidole majini kupima joto kabla ya kuchomoa plagi anapima kwa mwili wake kama hita ni nzima. Naye atakayekimbilia jiko la mkaa umeme unapokatika, akafunga dirisha kwa ajili ya mbu, afahamu kwamba mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo yaweza kumlaza mtu asiamke tena.

Wanafunzi watajibu kwamba chakula ni ghali na mikopo huchelewa. Malalamiko hayo yana haki yake, na yapelekwe kwa uongozi bila woga. Lakini apikaye chumbani hajihatarishi peke yake. Upo mtindo ambao wanafunzi wenyewe wameubatiza jina la “kubebana”, ambapo aliyepata chumba humkaribisha asiyepata. Ni utu, hatuukatai. Hata hivyo, chumba cha watu wanne kikilaza wanane, magodoro huziba njia ya mlangoni, na pengine mlango wa pili wa bweni umefungwa kwa kufuli kuzuia wezi. Kosa la kufuli hilo si la mwanafunzi, ila ni wajibu wake kulitaja.

Yaliyotokea kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Aprili 12, 2015, hayajasahaulika. Siku kumi kabla yake, magaidi walikuwa wameua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Alfajiri hiyo hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko karibu na mabweni. Wanafunzi waliogutuka usingizini walidhani wamevamiwa, na wengi wakajirusha kutoka ghorofani. Mmoja alifariki dunia na zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Mshambuliaji hakuwapo. Nani awalaumu kwa kuogopa? Lakini mazoezi ya kutoka bwenini, ambayo wengi huyafanya mchezo au huyakwepa kabisa, yamewekwa kwa ajili ya saa kama hiyo.

Kwa wanaosomea sayansi na uhandisi kuna jambo jingine. Aprili 2011, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikufa usiku, akiwa peke yake karakanani, baada ya nywele zake kunaswa na mashine ya kukereza. Idara ya serikali ya usalama kazini ilitaja kasoro za mashine ile, lakini haikukiadhibu chuo, kwa kuwa marehemu hakuwa mwajiriwa. Kibarua alindwa na sheria ya kazi. Mwanafunzi aweza kujikuta katikati. Kwa hiyo afunge nywele, adai miwani ya kinga hata kama mwalimu ameisahau, na akatae kuwasha mashine akiwa peke yake.

Mzazi apigapo simu wiki ya kwanza, akiisha kuuliza kama mtoto amekula, amwulize pia mlango wa pili wa bweni uko upande gani na ufunguo wake anao nani. Amwulize kama kizima-moto cha ghorofa yake kinafaa kwa moto wa umeme, na kama aijua namba ya zimamoto, ambayo hapa Tanzania ni 114. Asipojua, akate simu, aende akaangalie kabla ya kulala, kisha apige tena.